Shimo la Tatu Kutoka Uzioni

Barua mbili zilikaa mwezi mzima mlangoni mwa friji,
zimebanwa na sumaku yenye umbo la trekta.
Moja ya chuo kikubwa: karatasi nzito, nembo ya dhahabu,
nusu ya ada, na jina langu, Dagny, limekosewa.
Ya pili ya chuo kidogo huko Nebraska;
kocha ameongeza pembeni kwa kalamu:
“Tuna maabara ya udongo. Nimesikia unapenda udongo.”
Baba hakusema neno. Alisogeza sumaku,
akachomoa bili ya umeme iliyokuwa chini yake.

Nikachagua udongo.
Shangazi Torunn akasema nimeipiga bahati teke.

Mwaka wa pili sasa. Alfajiri nainua vyuma,
saa mbili niko kwenye kemia, viganja vyeupe kwa chaki,
jioni narusha nyundo: tufe, waya, mpini,
mizunguko mitatu halafu achia.
Mshika mawili, moja humponyoka.
Mshika manne hajatungiwa methali,
labda kwa sababu hakupata muda wa kukaa na watunzi.

Aprili, saa saba ndani ya basi kwenda Kansas.
Mtihani nikaufanyia hotelini, kwenye chumba cha chai,
kocha msaidizi Whitlock ananilinda kwa saa ya mkononi
huku akimenya yai.
Swali la tano: kwa nini mfinyanzi hushikilia maji?
Niliandika kurasa tatu kuhusu shamba letu.
Mchana ikanyesha. Mirusho mitatu,
yote mitatu wavuni.
Karatasi ilirudi na themanini na mbili,
na swali kwa wino mwekundu: “Shamba hili liko wapi?”

Kisha Mei, na kila mtu ana mipango ya kiangazi changu.
Kocha Lindgren anataka wiki kumi na mbili, nibaki,
nijifunze mzunguko wa nne.
Profesa Krupicka ana nafasi maabara, yenye malipo,
kuhesabu minyoo.
Mama akapiga simu: goti la baba litapasuliwa tarehe sita.
“Usije,” akasema, “tutaajiri mtu.”
Nikasikia mashine ya kufulia nyuma yake,
na mama haizimi simu, na haongei.

Nilirudi Dakota Kaskazini na nyundo kwenye buti la gari,
imeviringishwa kwenye sweta,
na kasha la chupa arobaini tupu.
“Basi niletee huo udongo,” profesa alisema.
Kocha alisema mzunguko wa nne haujifundishi wenyewe.
Hakukosea. Wiki tatu nilianguka.

Mchana viazisukari, palizi, dizeli.
Jioni kipande kile kilichopumzishwa, kando ya uzio.
Baba kwenye kiti cha plastiki, magongo mapajani,
yeye ambaye hajawahi kuja kunitazama uwanjani:
“Unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.”

Siku moja nikamkuta na kamba yenye mafundo.
Akachechemea hadi kwenye shimo, akainama kwa shida,
akatia kidole.
“Hapa mfinyanzi unaanza juu,” akasema. “Sikujua.”
Hakutaja umbali.
Tangu hapo alikuwa akifukia mashimo yangu kwa koleo,
gurudumu lisije likazama,
yote, kila asubuhi kabla sijaamka,
isipokuwa moja. Lile aliliwekea kijiti.

Ilikuwa jioni ambayo miguu ilinitangulia,
moja, mbili, tatu, na mwili haukuuliza.
Sikusikia tufe likitua. Nilisikia kiti kikilia
baba aliposimama bila magongo.

Agosti nilijaza chupa ya mwisho pale.
Kwenye lebo nikaandika:
Shimo la tatu kutoka uzioni. Kina, sentimita ishirini.
Chini kulikuwa na mstari wa maelezo mengine.
Nilikaa nao hadi wino ukakauka kwenye ncha,
nikafunga kifuniko.